Muulize Shangazi: Glasi ndefu, kijiko kirefu, na maswali yenu kuhusu Knickerbocker Glory

Wapendwa, mwezi uliopita niliigusia kidogo tu ile aiskrimu ya Waingereza ya kwenye glasi ndefu, nikadhani nimepita, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi mpaka nimeona safu yote ya leo niwaachie nyie. Majina nimeyafupisha kama mlivyoomba.

"Shangazi shikamoo. Likizo ya shule tulienda Scarborough na watoto, tukaingia sehemu ya aiskrimu, mwanangu wa kati akaonyesha picha kwenye menyu akasema nataka hii. Jina lake nikashindwa kulitamka mbele ya baba yao maana hapa Uingereza 'knickers' ni chupi za kike! Hicho kitu ni nini hasa na kwa nini kikaitwa hivyo?" – Mama Nasra, Birmingham

Marahaba Mama Nasra. Aibu iondoe kabisa, maana chupi ndo zimerithi jina, sio aiskrimu iliyorithi jina la chupi. Iko hivi: Knickerbocker ni jina la ukoo wa Kidachi kule New York. Mwaka 1809 mwandishi Washington Irving akatoa kitabu cha kuchekesha kuhusu historia ya New York, akajifanya kimeandikwa na mzee mmoja wa Kidachi anaitwa Diedrich Knickerbocker, kitabu kikapendwa mpaka watu wa New York wenye asili ya Kidachi wakaanza kuitwa hivyo hivyo. Alafu kilipochapishwa Uingereza kikawekewa michoro ya George Cruikshank, na kwenye michoro ile wale wazee wamevaa suruali pana zinazokazwa chini ya goti, basi suruali za namna hiyo nazo zikaitwa knickerbockers, na baada ya miaka jina likakatwa likahamia kwenye nguo ya ndani. Kwa hiyo mwanao aliagiza kitu chenye jina la mzee wa New York, na ile Glory ya mwisho ni fahari, utukufu. Litamke kwa sauti tu.

Sasa kitu chenyewe. Ni glasi ndefu, mdomo mpana, chini inakuwa nyembamba kama faneli, na ina mguu. Chini kabisa kuna jeli au matunda, juu yake aiskrimu ya vanila, alafu matunda, alafu sosi nyekundu ya rasiberi au stroberi, aiskrimu tena, wengine wanaweka na merengi (ute wa yai uliopigwa na sukari ukaokwa mpaka ukakauka) iliyovunjwavunjwa, unapanda hivyo hivyo mpaka unavuka mdomo wa glasi. Juu kunawekwa krimu iliyopigwa, karanga au lozi zilizokatwa, cheri moja nyekundu, na biskuti ya waferi imechomekwa pembeni kama bendera. Inaletwa na kijiko chenye mpini mrefu kuliko kawaida, na hicho kijiko naomba mkikumbuke maana nitakirudia.

Mimi ya kwanza nilikula nikiwa na miaka ishirini na kitu, mji wa pwani, mvua inanyesha pembeni kwa ule upepo wao wa baharini, nimekaa karibu na dirisha. Dada aliyeleta aliiweka mezani kwa mikono miwili. Glasi ilikuwa imeshaanza kutoa jasho, na kwenye kioo unaona ile sosi nyekundu inashuka polepole kwenye nyeupe ya aiskrimu kama mtu anachora, nikakaa dakika nzima naitazama tu. Ndo nikaelewa kwa nini hawaiweki kwenye bakuli. Hii unaanza kuila kwa macho, kupitia kwenye kioo.

"Shangazi shikamoo, mimi ni kijana wako nipo Margate, nimepata kazi kwenye mgahawa karibu na bichi. Bosi anasema Knickerbocker Glory zangu zinalala, yaani natengeneza inapendeza lakini nikifika mezani imeshuka, rangi zimechanganyika, maji yapo chini. Ye ananionyesha mara moja harakaharaka alafu anaondoka. Nisaidie kabla msimu haujaisha." – Juma

Marahaba Juma mwanangu. Swali hili limenifurahisha kuliko yote, kaa nikueleze vizuri, maana kosa sio mkono wako, kosa lipo kwenye vitu ulivyoviandaa kabla hujashika glasi.

Kwanza ujue kwamba aiskrimu ni povu. Ndani yake kuna hewa, na zile za bei rahisi hewa inaweza kufika nusu ya ujazo wote. Ikiyeyuka hewa inatoka, na hewa ikitoka kila kilichokaa juu yake kinashuka. Kwa hiyo nguzo yako imesimama juu ya kitu ambacho kinapungua kila dakika, na kazi yako yote ni kuchelewesha hilo. Glasi ziwe za baridi, ziweke kwenye friji zikiwa kavu, sio zimetoka kuoshwa na maji ya moto alafu unazijaza. Matunda yawe ya baridi. Sosi iwe ya baridi. Watu wanasahau sosi, inakaa kaunta siku nzima karibu na mashine ya kahawa, ukiimwaga ni kama umemwagia aiskrimu chai.

Pili, maji. Yale maji unayoyaona chini yanatoka kwenye matunda ya kopo. Usichote kutoka kwenye kopo ukatia kwenye glasi! Mwaga kwenye chujio, acha yachuruzike robo saa, alafu yapanguse kwa karatasi ya jikoni. Najua bosi atasema unapoteza muda, fanya asubuhi kabla wateja hawajaja, weka kwenye kontena kwenye friji, siku nzima unachota tu.

Tatu, jeli. Hapa kuna njia mbili na zote ni sawa. Unaweza kuimimina ikiwa bado ya maji chini ya glasi ikagandia humo humo kwenye friji, hapo inakuwa kama msingi wa nyumba, imara na inapendeza kwenye kioo. Au unaigandisha kwenye sinia unaikata vipande vidogo vya dadu. Ila usiitie vipande vikubwa kati ya mabonge mawili ya aiskrimu, vinateleza, na kitu kikiteleza katikati vya juu vyote vinaegemea upande. Na jeli usiigandishe kwenye friza hata siku moja, barafu inaharibu ule mshikamano wake, ikiyeyuka inatoa maji.

Nne, bonge la aiskrimu. Ikiwa ngumu kama jiwe utaikandamiza kwa nguvu na kuharibu vya chini, ikiwa laini sana imeshaanza kufa. Kontena likitoka friza liweke kwenye friji kama dakika kumi, kijiko cha kuchotea kikiingia bila kupigana nacho ipo tayari. Chota mabonge madogo. Bonge moja kubwa linaziba glasi katikati na kuacha hewa chini yake, na ile hewa ndo shimo ambalo kila kitu kitaangukia ukiwa njiani kwenda mezani. Ukishaweka bonge, sukumia matunda pembeni yake mpaka yaguse kioo, jaza kila pengo, hayo matunda ndo yanashika nguzo.

Krimu sasa. Uingereza krimu zina viwango vya sheria, ile ya single ina mafuta kuanzia asilimia 18 na haipigiki hata ukesha nayo, ile ya whipping ni kuanzia 35, double ni kuanzia 48. Kwa kazi yako tumia ya whipping. Double inapigika lakini ukipitiliza sekunde chache tu imeshakuwa chengachenga na iko njiani kuwa siagi, na ni nzito, ukiirundika juu inakandamiza vya chini. Usiitie sukari, humo ndani sukari imeshajaa, krimu isiyo na sukari inampa mlaji pa kupumulia.

Merengi, lozi na waferi viende mwisho kabisa, ukiwa umeshamwambia mhudumu ainue sinia. Vikikaa vinanyonya unyevu na kulainika.

Na kijiko, Juma. Siku moja niliagiza sehemu fulani, sitaitaja, glasi nzuri ajabu, alafu nikaletewa kijiko cha chai. Nikafika nusu mkono umeingia kwenye glasi mpaka kwenye vifundo, krimu imenipaka, na chini kuna pichi naziona kwenye kioo lakini sizifikii. Niliondoka nimeziacha na roho iliniuma mpaka kesho yake. Kama kijiko hakifiki chini, usimuuzie mtu. Mwambie bosi hivyo kwa adabu.

"Asalam alaykum Shangazi. Watoto wanaiomba kila tukitoka lakini naogopa ile jeli. Je ni halali? Na nyumbani nilijaribu kutengeneza mwenyewe nikaweka nanasi mbichi, jeli ikakataa kuganda kabisa usiku mzima." – Umm Salim, Leicester

Waalaykum salaam Umm Salim. Unafanya vizuri kuogopa, uliza kila mara. Jeli za kawaida za hapo Uingereza, zile za vipande vya kuyeyusha, zinagandishwa kwa jelatini, na jelatini inatolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe, na hata ikiwa ya ng'ombe bado kuna suala la kachinjwaje. Kwenye mgahawa omba wakuonyeshe boksi lenyewe, usitosheke na "nadhani iko sawa". Uliza pia kama matunda yamelowekwa kwenye sheri au pombe nyingine, wapo wanaofanya hivyo kwenye za watu wazima. Jibu likiwa na mashaka omba waitengeneze bila jeli, waongeze matunda, bado ni Knickerbocker Glory halisi na hakuna atakayekushangaa.

Nyumbani una njia rahisi. Zipo jeli za paketi zilizoandikwa zinafaa kwa wasiokula nyama, hizo zinagandishwa kwa vitu vya mwani wa baharini, na zipo zenye alama ya halali. Au nunua agari ya unga, nayo ni kigandishi kinachotoka kwenye mwani, ichemshe na juisi mpaka iyeyuke vizuri, kuikoroga kwenye maji ya vuguvugu haitoshi. Agari inaganda hata nje ya friji na hailainiki haraka ikikaa mezani, kwa glasi ya kusubiri wageni mimi naona ni bora kuliko jelatini.

Nanasi lako halina kosa dada yangu. Nanasi mbichi lina kimeng'enya kinachokata protini, na jelatini ni protini, kwa hiyo kila ikijaribu kushikana inakatwakatwa. Papai bichi, kiwi, tini na tangawizi vina tabia hiyo hiyo. Nanasi la kopo halifanyi hivyo kwa sababu limeshapikwa na moto umekiua kile kimeng'enya. Kwa hiyo tumia la kopo, au lipike kidogo, au tumia agari ambayo sio protini, hapo hata nanasi mbichi halina la kufanya.

"Bi Shangazi, salaam. Mimi ni mzee wa miaka 71, nimefanya kazi Glasgow miaka mingi. Nimeona sehemu za zamani za aiskrimu karibu zote zina majina ya Kitaliano. Na wazee wenzangu wa Kiskoti wakiiongelea hiyo Knickerbocker Glory macho yanawalenga. Kuna nini hapo?" – Mzee M.

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa jicho lako. Kipo kitu, na kina uchungu ndani yake.

Wataliano walianza kuingia Uingereza kwa wingi karne ya 19, wengi kutoka vijiji maskini vya milimani. Waliokwenda Skoti wengi walitoka Barga na Picinisco, waliokwenda Wales wengi walitoka Bardi. Walianza na vikokoteni barabarani, wakapanda wakawa na vibanda, alafu maduka yenye viti vya kukalia. Miji ya pwani ndo ilikuwa mahali pao, kwa sababu wafanyakazi wa viwandani walikuwa wanakwenda huko likizo na treni. Notarianni wapo Blackpool tangu 1928, Morelli's walifungua Broadstairs 1932, Nardini's kule Largs, ambako bila shaka mzee umefika, walifungua jengo lao kubwa 1935. Miaka ya 1930 Knickerbocker Glory ilikuwa imeshapata umaarufu Uingereza, na fikiria mtu wa kiwandani, wiki moja tu ya likizo kwa mwaka mzima, anakaa kwenye kiti cha maana analetewa kitu kirefu kinachong'aa kama cha hotelini. Neno fahari hapo lilikuwa mahali pake.

Alafu vita. Tarehe 10 Juni 1940 Italia ikatangaza vita dhidi ya Uingereza na usiku ule ule watu wakatoka kuvunja vioo vya maduka ya Wataliano, watu wale wale waliokuwa wanawauzia watoto wao aiskrimu. Wanaume wakakamatwa, hata wazee waliokaa miaka mingi. Baadhi yao wakapakiwa kwenye meli ya Arandora Star kupelekwa Kanada, ikapigwa torpedo na manowari ya Kijerumani tarehe 2 Julai 1940, wakafa zaidi ya watu 800, Wataliano peke yao zaidi ya 400. Wenye migahawa na maduka ya aiskrimu walikuwa wengi humo. Zipo familia zilibaki na mama na mabinti wanafungua duka asubuhi na baba hayupo.

Na aiskrimu yenyewe ikapigwa marufuku kutengenezwa mwaka 1942 ili kuokoa maziwa, sukari na nguvukazi, marufuku ikaondolewa mwishoni mwa 1944 lakini sukari iliendelea kugawiwa kwa mgao mpaka Septemba 1953, na mgao wote kwa ujumla uliisha Julai 1954. Sasa mzee wangu piga hesabu, mtoto aliyezaliwa 1944 amekuwa mpaka ana miaka tisa, kumi, ndo anakutana na glasi ndefu imejaa krimu, jeli na cheri juu, na mama yake hahesabu kuponi. Hao ndo wenzako wanaolengwa na machozi, na wadogo zao waliosimuliwa. Mimi nikiingia kwenye hayo maduka siku hizi nasoma kwanza majina na picha zilizotundikwa ukutani ndo naagiza.

"Shangazi, kwani hii ina tofauti gani na traifo? Na naweza kuitengeneza jioni ya leo kwa ajili ya wageni wa kesho?" – Rehema

Rehema mama, traifo inakaa kwenye bakuli kubwa la familia, ina keki iliyolowekwa na kastadi, na inataka kulala usiku kucha ili vitu viingiane. Hii ni ya mtu mmoja, haina keki, na ikilala imeharibika. Usiiweke friza ikiwa kamili, jeli itatoa maji na matunda yatakuwa mawe. Jioni gandisha jeli, chuja matunda, pika sosi. Kesho wageni wakiwa wameshakaa ndo unapanga, dakika tano zinatosha.

"Mwanangu ana mzio wa karanga. Tukiomba tu wasiweke za juu inatosha?" – Baba Amani, Reading

Haitoshi ndugu yangu, naomba unisikilize kwa makini. Kijiko cha kuchotea aiskrimu kinazunguka kontena moja hadi jingine, na la pistachio au hazelnut lipo hapo hapo. Waferi na sosi ya chokoleti navyo vinaweza kuwa na lozi. Sheria ya Uingereza inamlazimisha mwenye mgahawa kukuambia kama chakula kina kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio, na karanga na lozi zimo, pamoja na maziwa, mayai na ngano ambavyo kwenye glasi hii vyote vinaweza kuwepo. Mwambie mhudumu neno mzio kabla hujaagiza, uliza kuhusu kijiko na kontena jipya, na wakionekana hawana uhakika msile hapo. Tengenezeni nyumbani, nimeshaeleza kwa Juma hapo juu namna yake.

"Sasa inaliwaje Shangazi? Mume wangu anaikoroga yote inakuwa uji. Mimi nakula juu kwanza nashuka. Tumebishana mpaka watoto wakacheka." – Mwanaisha, Bristol

Mwanaisha, hapa nakuunga mkono nusu na mumeo namkatalia kabisa, mwambie kwa upole. Ukikoroga umeyafuta yote niliyomweleza Juma, glasi imekuwa maziwa ya rangi moja. Lakini na wewe ukila krimu yote kwanza, alafu aiskrimu yote, utafika chini ukute jeli peke yake na hamu imekwisha.

Fanya hivi. Cheri iweke kwenye kisahani, au mpe mtoto. Waferi uitumie kuchotea krimu kidogo ili upate nafasi maana imejaa mpaka inataka kumwagika. Alafu shusha kijiko wima pembeni kabisa ukigusa kioo, mpaka chini, kigeuze, kipandishe taratibu. Kwenye kijiko kimoja utapata jeli, pichi, vanila na mstari wa sosi. Zunguka glasi hivyo hivyo, ile nguzo ya katikati inabaki imesimama na inazidi kuwa nyembamba, watoto wanapenda sana kuiangalia itaanguka lini. Mwisho kutabaki chini kule kwenye ncha vijiko vitatu vinne vya maziwa ya pinki yenye vipande vya tunda, hayafikiki vizuri hata kwa kijiko kirefu. Mimi huwa nainua glasi nakunywa, hata mgahawani, na mumeo hapo aruhusiwe kukoroga.